Nyungunyungu, haradali na dafnia: tathmini ya huduma ya kupima sumu ya tope la majitaka

Ripoti ya kwanza tuliyopewa ilisema kwamba tope letu halikuonyesha madhara yoyote kwa viumbe vilivyopimwa, na kwa siku mbili nzima wanakikundi walifurahi, mpaka nilipokaa nikasoma jedwali la tatu na kugundua kuwa maabara ilikuwa imechanganya gramu 4 tu za tope katika kila kilo ya udongo, ilhali sisi kwenye viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, tunachanganya ndoo moja ya tope na ndoo tatu za udongo. Tathmini hii inahusu huduma ambayo tumeilipia kwa awamu tatu sasa, na ninaiandika kwa ajili ya vikundi vingine vya vitalu, wakulima wa maua na mamlaka ndogo za maji zinazofikiria kulipia kitu kama hicho. Maabara ni ya binafsi, iko Dar es Salaam, na jina lake sitalitaja, kwa kuwa makosa yaliyotokea mwanzoni yalikuwa yetu sote wawili na mengi yamekwisha kurekebishwa.

Kwanza nieleze hali yetu. Mimi ni bwana shamba mstaafu, na kikundi ninachokishauri kinaotesha miche ya mitiki, mikangazi, miti ya kivuli na maua ya bustani pembezoni mwa mji mmoja wa mkoani. Samadi ya ng'ombe imekuwa ghali, na mbolea ya dukani tunaijua bei yake. Tope lililokaushwa kutoka kwenye vitanda vya kukaushia vya mabwawa ya majitaka linapatikana karibu bure, lina naitrojeni na fosforasi ya kutosha, na linashika maji vizuri katika viriba wakati wa kiangazi. Tulikuwa tayari tumelipima kwa kemia, yaani kadimi, risasi, zinki, shaba, nikeli na zebaki, na takwimu zote zilikuwa chini ya viwango ambavyo watu hupenda kuvitaja: Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1986, ambalo linaweka ukomo wa miligramu 20 hadi 40 za kadimi na 2,500 hadi 4,000 za zinki katika kila kilo ya tope kavu, na kanuni za Marekani za mwaka 1993, ambazo kwa tope la daraja bora zinakubali miligramu 39 za kadimi na 2,800 za zinki.

Kwa nini basi tulipe tena? Kwa sababu kipimo cha kemia hujibu tu kile ulichokitafuta. Tope la mji hukusanya kila kinachomwagwa: mafuta ya gereji, maji ya betri, dawa ambazo wagonjwa wamezimeza na figo kuzitoa, sabuni za unga, viuavijidudu vya hospitali, zinki inayooshwa na mvua kutoka kwenye mabati. Hakuna mwenye fedha za kupima vyote hivyo kimoja kimoja, na hata angekuwa nazo, orodha haimwambii jinsi vitu hivyo vinavyofanya kazi vikiwa pamoja, wala ni kiasi gani kimeshikwa na udongo na mabaki ya viumbe kiasi kwamba hakiwezi kumdhuru yeyote. Nyungunyungu haulizi jina la kemikali. Akiwekwa ndani ya mchanganyiko, ama ataishi, ama ataondoka, ama atakufa, na jibu lake linajumlisha yote kwa pamoja. Hiyo ndiyo hoja ya kupima kwa viumbe hai, na naikubali kwa moyo mweupe. Lakini jibu la jumla ni gumu kulisoma, na sehemu kubwa ya fedha tulizolipa kihalisi imekuwa ni ada ya kujifunza kulisoma.

Kifurushi tulichochagua kina vipimo vitatu. Cha kwanza ni cha mbegu. Mtama na haradali hupandwa katika visahani vya plastiki vinavyopitisha mwanga, mbegu kumi kumi juu ya karatasi ya kuchujia iliyolazwa kwenye udongo uliochanganywa na tope, kisha visahani husimamishwa wima gizani kwa nyuzijoto 25 kwa siku tatu, ili mizizi ishuke chini moja kwa moja na iweze kupimwa kwa rula bila kuing'oa. Kwa nini mimea miwili? Kwa sababu mmoja ni wa jamii ya nafaka na mwingine ni wa majani mapana, na mara nyingi havikubaliani, kama tulivyokuja kuona. Cha pili ni cha nyungunyungu, kwa namna mbili: kipimo cha kukimbia cha saa 48 na kipimo cha kufa cha siku 14. Cha tatu ni cha dafnia, mdudu mdogo wa maji baridi wa jamii ya kamba, ambaye huwekwa katika maji yaliyotikiswa pamoja na tope kwa saa 24, lita 10 kwa kila kilo ya tope kavu, kisha kuchujwa. Hapo huhesabiwa ni wangapi wameacha kuogelea baada ya siku mbili.

Nilipowaeleza wanakikundi kwamba maabara itatia minyoo ndani ya tope, mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama tope la chooni halina minyoo tayari. Ilinibidi nirudi nyuma na kutumia neno nyungunyungu kila mara, na nawashauri wenzangu wafanye hivyo hivyo, maana suala la minyoo ya tumbo ni jingine kabisa na nitalifikia.

Kuchukua sampuli ni kazi ya mteja, na maelekezo ya maabara kuhusu jambo hilo yalikuwa ya ukurasa mmoja usio na picha. Kitanda cha kukaushia hakifanani kote: karibu na bomba la kuingizia tope ni zito na lina mchanga, upande wa mbali ni jepesi na limepasuka vipande. Tulichukua kutoka sehemu kumi na mbili, tukachanganya juu ya turubai, tukagawa robo robo mpaka ikabaki ndoo moja yenye mfuniko wa kukaza. Kusafirisha ndoo hiyo kwa basi kulihitaji maneno mengi na kondakta, na baada ya hapo tumekuwa tukiweka sampuli ndani ya deli la barafu lililofungwa kwa utepe, ambalo halizui maswali na pia huzuia joto lisibadilishe kilichomo. Maabara inapokea sampuli siku za kazi tu. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa mahali fulani, kwa sababu deli letu la kwanza lilifika Ijumaa jioni.

Sasa turudi kwenye ule mchanganyiko wa gramu 4. Mtaalamu wa maabara alinieleza bila kusita kwamba walikuwa wamekadiria matumizi ya shambani: tani 10 za tope kavu kwa hekta, zikilimwa ndani ya sentimita 20 za juu za udongo. Hekta moja kwa kina hicho ina takriban tani 2,600 za udongo, na hesabu inatoa karibu gramu 4 kwa kilo. Kwa shamba la mahindi hesabu hiyo ni sawasawa. Lakini kiriba si shamba. Hata ukizingatia kuwa tope kavu ni jepesi kuliko udongo, mchanganyiko wetu wa moja kwa tatu una tope zaidi ya mara 30 ya ule waliopima, na mzizi wa mche hauna pa kukimbilia. Fomu ya kupokelea sampuli haikuwa na mahali pa kuandika matumizi yaliyokusudiwa, na mimi sikuona haja ya kuyataja. Tangu wakati huo fomu imeongezwa mstari mmoja, na ninaamini ni kwa sababu yetu. Awamu ya pili walitufanyia kwa nusu ya gharama.

Katika awamu hiyo ya pili tuliomba mfululizo wa michanganyiko minne: moja kwa tatu, moja kwa saba, moja kwa kumi na tano, na udongo mtupu wa kulinganisha. Niliomba pia waache udongo wao wa bandia na watumie udongo mwekundu wa kwetu. Udongo wa bandia una faida yake, kwa sababu maabara zote duniani zikitumia mapishi mamoja matokeo yanaweza kulinganishwa: sehemu 70 za mchanga safi, 20 za udongo mweupe wa kaolini na 10 za mboji ya kinamasi cha nchi za baridi. Hapa kaolini si tabu, vilima vya Pugu viko jirani, na badala ya ile mboji ya kinamasi wanatumia vumbi la makumbi ya nazi, jambo ambalo nimelipenda. Hata hivyo udongo huo una tabia zake za kushika na kuachia metali, na mimi sioteshi mitiki katika mapishi ya maabara. Walikubali kufanya vyote viwili kwa mchanganyiko mmoja tu, na tofauti ilionekana: katika udongo wetu mizizi ya haradali ilifupika zaidi kuliko katika udongo wa bandia. Mtama haukujali. Ungekuwa ndio mmea pekee uliopimwa, tungeambiwa kwa mara ya pili kwamba kila kitu ni shwari.

Kipimo cha kukimbia ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na nilikwenda mwenyewe kukishuhudia. Boksi la plastiki hugawanywa katikati kwa kipande cha plastiki kinachochomoleka. Upande mmoja hutiwa udongo safi na upande wa pili ule wenye tope, kisha kizuizi kinaondolewa na nyungunyungu kumi waliokomaa wanawekwa juu ya mstari wa katikati. Wanazama wenyewe. Baada ya saa 48 kizuizi kinarudishwa na kila upande unahesabiwa, na zoezi hilo hufanywa katika maboksi matano ili bahati isitawale. Wakionekana zaidi ya asilimia 80 upande safi, mchanganyiko unahesabiwa kuwa si makazi ya kufaa. Katika moja kwa tatu, maboksi matano yote yalivuka mpaka huo, na boksi moja halikuwa na nyungunyungu hata mmoja upande wa tope. Nilipouliza kama wamekufa, fundi alitabasamu: "Hapana, Bwana Shamba, hawajafa. Wamehama tu." Kisha akanionyesha boksi la moja kwa kumi na tano, ambako wengi walikuwa wamehamia upande wa tope, wakila.

Hapo ndipo ugumu wa kusoma majibu ulipoanza. Nyungunyungu wanaotumika, Eisenia fetida, ni wa kwenye marundo ya samadi na mboji, si wa shamba la kawaida, na kwao tope kidogo ni chakula. Kwa hiyo kipimo hiki kina mikono miwili inayovutana: chakula kinawaita na sumu inawafukuza, na kile unachokihesabu ni ushindi wa mmoja wao. Tope lenye sumu ya wastani lakini chakula kingi linaweza kuonekana zuri kuliko lilivyo. Niliomba kiongezwe kilinganishi kingine chenye samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kwa kiasi kilekile cha mabaki ya viumbe, ili chakula kisawazishwe pande zote mbili. Tulilipia nyongeza hiyo, na ilistahili, kwa kuwa mvuto uliokuwa umeonekana katika moja kwa kumi na tano ulitoweka na idadi ikawa karibu nusu kwa nusu. Naona maabara ingefanya hivyo bila kuombwa kwa kila sampuli yenye mboji nyingi.

Jambo la pili la kusoma ni amonia. Ndoo yetu ilipofunguliwa, kila aliyekuwa chumbani alijua kilichomo. Tope ambalo halijakaa muda wa kutosha hutoa amonia, na amonia huua dafnia, huunguza mizizi michanga na kuwafukuza nyungunyungu bila metali wala dawa yoyote kuhusika. Ukali wake unategemea pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi: kwa nyuzijoto 20, katika pH 7 chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika ile hali ya gesi inayopenya ndani ya mwili wa kiumbe, lakini katika pH 9 ni zaidi ya robo. Tope letu lilikuwa upande wa juu. Ripoti ya pili ilitupa orodha nzuri ya madhara lakini haikuwa na pH, haikuwa na kipimo cha chumvi, wala haikuwa na amonia. Vipimo hivyo vitatu ni vya dakika chache na vya bei ndogo, na bila hivyo mteja hawezi kujua kama ana tatizo la wiki nane au tatizo la miaka thelathini. Amonia huondoka kwa upepo na kwa kugeuzwageuzwa, kadimi haiondoki. Hii ndiyo lawama yangu kubwa kwa huduma hii, na nimeiandika pia kwenye barua niliyowatumia.

Walichokifanya baada ya barua hiyo kinastahili kuelezwa. Walipima sampuli iliyobaki, wakanipigia simu badala ya kutuma baruapepe, na kunishauri tutandaze tope chini ya paa, tuligeuze kila wiki, tulinyunyizie maji kidogo, na tusubiri. Tulisubiri wiki nane. Awamu ya tatu ilikuwa na sura nyingine: haradali ilirudi karibu sawa na kilinganishi katika moja kwa saba, na katika moja kwa kumi na tano mizizi ilikuwa mirefu kuliko ya udongo mtupu, jambo ambalo lisimdanganye mtu, kwa kuwa ni kazi ya naitrojeni na si cheti cha usafi. Nyungunyungu waliacha kukimbia moja kwa saba. Moja kwa tatu bado waliikimbia, ingawa si wote, na kwa kuwa amonia ilikuwa imeshuka sana, kinachoshukiwa sasa ni chumvi, ambayo kipimo chake bado kiko juu, na pengine zinki na shaba zikisaidiana. Hakuna aliyekufa katika siku 14 za kipimo cha kufa, katika mchanganyiko wowote, awamu yoyote. Kama tungelipia kipimo hicho pekee, ambacho ndicho chenye umri mkubwa zaidi kati ya viwili vya nyungunyungu na ndicho watu wengi hukiomba, tungeliona tope bichi na tope lililopumzishwa kuwa kitu kimoja.

Kuhusu dafnia nitasema machache. Nilidhani hatuwahitaji, kwa kuwa sisi hatufugi samaki, mpaka fundi aliponikumbusha kwamba kitalu kinamwagiliwa mara mbili kwa siku na maji yanayotoka chini ya viriba yanakwenda mferejini, na mfereji unakwenda mtoni. Dafnia wanaotumika huwa na umri usiozidi saa 24, ishirini kwa kila kiwango cha maji, katika makundi ya watano watano. Ukimwangalia kwa hadubini unauona moyo wake ukipiga kupitia mwili ulio wazi kama kioo, na nakiri nilikaa pale kuliko ilivyohitajika. Maji ya tope yasiyochanganywa yaliwalaza karibu wote hata katika awamu ya tatu. Yaliyopunguzwa mara nne hayakuwafanya kitu. Kwa hiyo tumechimba kishimo cha kupokelea maji chini ya meza za viriba, na maji hayo tunayarudisha kwenye miche mikubwa.

Uaminifu wa maabara niliupima hapa hapa. Katika awamu ya pili umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, na chumba ambacho hutakiwa kubaki nyuzijoto 20 kikapanda joto kama Dar es Salaam yenyewe. Dafnia wa kilinganishi, waliokuwa katika maji safi, wakalala zaidi ya asilimia 10, ambayo ndiyo ukomo unaoruhusiwa. Wangeweza kunyamaza, kwani mimi nisingejua. Badala yake waliandika kwamba jaribio limebatilika, wakalirudia bila kututoza, na ripoti ikachelewa siku tisa. Mteja yeyote aanze kusoma ripoti ya aina hii kwenye mstari wa kilinganishi kabla ya mstari mwingine wowote, na asipouona, arudishe ripoti.

Kuna mambo ambayo huduma hii haiyafanyi, na maabara haijayaficha, ila tangazo lao lenye maneno "usalama wa tope" linaweza kumpotosha asiyejua. Kwanza ni ile minyoo aliyoiulizia mzee wetu. Nyungunyungu akistawi ndani ya tope haimaanishi kuwa mayai ya minyoo ya tumbo yamekufa. Mayai ya askarisi, mmoja wa minyoo hiyo, huvumilia ukavu na muda mrefu kuliko vimelea wengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka tope lililotibiwa liwe na chini ya yai moja kwa kila gramu ya tope kavu kabla ya kutumika katika kilimo, na kipimo hicho hufanywa kwa hadubini katika maabara ya aina nyingine. Sisi tulikipeleka kwingine, na mpaka sasa wanaojaza viriba wanavaa glavu na mabuti, na mchicha hauoteshwi ndani ya mchanganyiko huu hata kama mtu anauomba kwa ajili ya nyumbani kwake.

Pili ni sumu zinazokwenda polepole. Jimbo la Maine nchini Marekani lilipiga marufuku kutandaza tope la majitaka mashambani mwaka 2022 kwa sababu ya kundi la kemikali za PFAS, zile zinazotumika katika vyombo visivyoshika chakula na vitambaa visivyopitisha maji, baada ya mashamba kadhaa kukutwa na kemikali hizo katika udongo, maji na maziwa. Dafnia wa siku mbili au haradali ya siku tatu wasingeiona hatari hiyo hata kidogo, kwa kuwa haiui haraka; inajikusanya. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba vipimo vya viumbe vinachukua nafasi ya kemia. Sisi tumevitumia vyote viwili, na kila kimoja kimetuambia jambo ambalo kingine hakikuliona.

Kuhusu mapokezi na mawasiliano, watumishi ni waungwana na hawamdharau mtu aliyekuja na ndoo ya tope. Simu hupokelewa. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na wanakikundi wanaoilipia hawawezi kuisoma, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni kasoro na si mapambo. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ndivyo taratibu za ithibati zinavyotaka, jibu ambalo linaweza kuwa kweli kwa ripoti yenyewe lakini halizuii kuambatisha ukurasa mmoja wa Kiswahili. Yule fundi aliyesema "wamehama tu" angeuandika kwa nusu saa. Gharama sitaiweka kwa tarakimu kwa kuwa tulipewa punguzo la kikundi ambalo si kila mtu atalipata, ila niseme kwamba kipimo cha kukimbia na kile cha mbegu kwa pamoja vilikuwa nafuu kuliko orodha ya metali sita, na kwa mwenye fedha kidogo ningemwambia aanze na hivyo viwili pamoja na pH, chumvi na amonia, aache kipimo cha kufa cha siku 14, na aongeze dafnia kama ana mto au kisima karibu.

Kwa sasa kitalu kinatumia moja kwa saba, tope likiwa limepumzishwa wiki nane, kwa miti na maua tu. Mikangazi imeipokea vizuri kuliko mitiki, ambayo majani yake ya chini yaliungua pembeni katika viriba vya mwanzo tulivyojaza kabla ya majibu ya awamu ya pili. Tumeagiza pia kipimo cha uzazi wa nyungunyungu, kile cha siku 56, ambacho wakubwa huondolewa siku ya 28 na vitoto kuhesabiwa mwishoni, kwa mchanganyiko huo mmoja na kilinganishi chake cha samadi. Wakubwa wametolewa wiki iliyopita, wote wazima na wamenenepa. Vitoto vitahesabiwa mwezi ujao, na nitaongeza idadi yake hapa chini.